Jicho kwa ndege, shavu kwenye mti

Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, wanaukumbuka wimbo ule: kitako begani, shavu kwenye mti, fumba jicho la kushoto, vuta pumzi, itoe nusu, izuie, bonyeza polepole. Niliumeza nikiwa na miaka kumi na tisa, nimelala kifudifudi kwenye mchanga wa uwanja wa shabaha, koplo kasimama nyuma ya visigino vyangu akisubiri nikosee. Sikukosea sana. Ndiyo maana miaka mingi baadaye, mzee mmoja wa Morogoro aliyewahi kuwa bwana nyama aliponiruhusu kushika bunduki yake ya mitutu miwili, kazi ya mafundi wa Birmingham, nilijiona mjuzi. Nikaiweka begani, nikafumba jicho, nikaitafuta ile punje ya shaba iliyo kwenye ncha ya mitutu.

"Umefumba jicho la nini?" akaniuliza.

"Nalenga, mzee."

"Nani kakuambia ulenge?"

Hakuwa anatania. Aliichukua bunduki, akaifungua kuhakikisha kwa mara ya tatu kwamba haina kitu, akanirudishia. Kila nilichofundishwa jeshini, akasema, nikiache mlangoni, isipokuwa shavu. Tangu siku ile nimesoma mengi yaliyoandikwa na Waingereza kuhusu bunduki hii, maana wao ndio walioifikisha mwisho wa uzuri wake, na nimekuta wamebishana kwa zaidi ya karne moja juu ya karibu kila jambo: miguu ikae vipi, mitutu iwe na urefu gani, ndege atanguliwe kiasi gani. Katika lile la mzee wangu, kwamba bunduki hii hailengwi, hawabishani.

Sababu yake ni hesabu. Bunduki ya jeshi hutoa risasi moja kuelekea kitu ambacho, Mungu akipenda, kimetulia. Bunduki ya marisau hutoa kundi zima kuelekea kitu kinachoruka. Ganda moja la bunduki ya bore 12 lenye gramu 30 za marisau ya namba 6, kwa vipimo vya Kiingereza, hubeba punje zinazokaribia 290. (Hiyo 12, kwa asiyejua, si kipimo cha milimita. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe iwe mipira 12 iliyo sawa, na mmoja wake utaingia sawasawa kwenye mtutu. Kipenyo chake ni kama milimita 18.5.) Punje hizo zikifika umbali wa mita 36 zimetumia kama sehemu moja ya saba ya sekunde njiani. Njiwa anayekwenda kilomita 64 kwa saa, katika muda huohuo, ameshasogea takriban mita mbili na nusu. Ongeza na muda ambao ubongo unatoa amri na kidole kinaitii. Mtu aliyelenga kwa uangalifu, akahakikisha punje ya shaba imekaa juu ya kifua cha ndege, ndipo akafyatua, amepiga kwa ustadi mkubwa mahali ambapo ndege alikuwa.

Basi bunduki hii huelekezwa, kama kidole. Mama akiuliza nani kamwaga maziwa, mtoto hafumbi jicho moja wala hapimi ukucha wake dhidi ya pua ya mdogo wake. Anamtazama mdogo wake, na kidole kimeshafika. Hiyo ndiyo shabaha inayotakiwa hapa, na kazi yote ya mtengenezaji ni kuufanya mti na chuma vya kilo tatu viwe kidole.

Kazi hiyo si ndogo, na tuanze na jina. Watu huiita bunduki ya mitutu sambamba, lakini mitutu yake haiko sambamba. Ukiitazama kwa makini utaona inasogeleana kuelekea mdomoni. Mtutu wa kulia uko kulia kwa mstari wa bega, kwa hiyo ukifyatuliwa teke lake huisukuma bunduki nzima izunguke kidogo kwenda kulia kabla marisau hayajatoka. Wa kushoto huivuta kushoto. Fundi anayejua kazi huiunganisha mitutu ikitazama ndani kwa kiasi kilekile ambacho teke litaitoa nje, ili marisau ya mitutu yote miwili yakutane mahali pamoja penye umbali wa kuwindia. Kwa bunduki kubwa za mitutu miwili zinazotumia risasi nzima, zile walizokuja nazo wawindaji wa tembo na nyati katika nchi zetu mwanzoni mwa karne ya 20, upatanisho huu hufanywa kwa moto hasa: fundi anafyatua kulia, anafyatua kushoto, anakwenda kutazama matundu, anayeyusha lehemu ya mdomoni, anasogeza kabari iliyo kati ya mitutu kwa upana wa unywele, anarudi kufyatua. Anaweza kumaliza siku nzima hivyo. Ndugu hizo kubwa za bunduki yetu hulengwa kweli, zina hadi shabaha ya nyuma, maana nyati hana haja ya wingu la marisau.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu ni mipana ikitazamwa kutoka juu lakini myembamba ikitazamwa kutoka upande. Baruti ikilipuka, mitutu hiyo hupinda kidogo kuelekea chini, mdomo ukainama wakati uleule marisau yanapotoka. Meja Gerald Burrard, aliyeandika juzuu tatu nzima kuhusu bunduki ya marisau mwanzoni mwa miaka ya 1930, alilieleza jambo hili kinaganaga. Bunduki ya mitutu iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, ni imara zaidi kwa wima, haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Anayetoka kwenye mitutu iliyopandana akashika ile ya ubavu kwa ubavu, ikiwa haikupimwa kwa ajili yake, mara nyingi hupiga chini ya ndege na kulaumu risasi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kitako, na hapa nitakaa, maana naamini shabaha ya bunduki hii imo kwenye kitako kuliko mahali pengine popote. Bunduki ya marisau haina shabaha ya nyuma. Shabaha yake ya nyuma ni jicho lako mwenyewe, na kitu pekee kinacholishikilia jicho mahali pake ni mti ulio chini ya mfupa wa shavu. Mti ukiwa juu mno, jicho linapanda na marisau yanapita juu. Ukiwa chini mno, unatazama mgongo wa chuma badala ya ndege. Kitako cha mtu wa mkono wa kulia hupindishwa kidogo kwenda kulia, kwa sababu jicho halikai katikati ya bega. Mwenye uso mpana huhitaji kipinde zaidi, mwenye uso mwembamba kidogo tu. Ndiyo maana bunduki ya marehemu baba, hata ikiwa na chapa ya London, inaweza kumkataa mtoto kama viatu.

Waingereza waliligeuza jambo hili kuwa taaluma ya kushona nguo. Katika shule za kulengea, kama West London iliyoanzishwa mwaka 1901, mteja hupewa bunduki ya majaribio ambayo kitako chake kina bawaba na skrubu, kinaweza kurefushwa, kuinuliwa na kupindishwa. Anasimama mbele ya bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, mita 14.6 hivi, yaani yadi 16. Anaambiwa asilenge. Atazame alama, apandishe bunduki, afyatue mara bunduki inapogusa bega. Anarudia. Kisha mwalimu anapima kitovu cha madoa kiko wapi. Umbali huo haukuchaguliwa ovyo. Kutoka jichoni hadi mdomo wa mitutu ni kama yadi moja, na bamba liko yadi 16, kwa hiyo kosa la milimita 25 kwenye bamba linasahihishwa kwa milimita 1.6 kwenye kitako. Madoa yakienda kushoto milimita 50, kitako kinapindishwa kulia milimita 3 na kidogo. Nilipolisoma hili niliona aibu kwa miaka yote niliyodhani kwamba wapiga shabaha wazuri ni watu waliozaliwa na bahati.

Lakini bamba husema kweli kwa mtu ambaye macho yake yanaelewana tu. Karibu kila mtu ana jicho moja linalotawala. Nyoosha kidole kwenye kitasa cha mlango ukiwa umefumbua macho yote mawili, kisha fumba la kushoto. Kidole kikibaki kwenye kitasa, jicho lako la kulia ndilo bwana. Kikiruka pembeni, wewe ni wa kushoto hata kama unaandika kwa kulia, na bunduki ikiwa bega la kulia itaelekea upande ambao bwana huyo anautaka, mita moja au zaidi nje ya ndege. Wenye shida hiyo huhamia bega la kushoto, au hufumba jicho la kushoto dakika ya mwisho, au huagiza kitako kilichopinda kama mundu kinachovuka uso. Walio salama wafyatue wakiwa na macho mawili wazi, kwa sababu macho mawili ndiyo yanayopima umbali na kasi.

Kuna mtu mmoja maarufu ambaye macho yake hayakuweza kugombana. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwezi Aprili 1909, muda mfupi baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuharibiwa na ngumi ya ndondi. Katika mizigo iliyobebwa na msafara wake kulikuwa na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na Waingereza, na bunduki ya marisau ya bore 12, mitutu ubavu kwa ubavu, iliyotengenezewa Philadelphia na kampuni ya Ansley H. Fox. Ile ya Fox iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 862,500. Kwa bei hiyo sidhani kama kuna mtu atakayethubutu kuitumia kwa kanga tena.

Tukishapata kitako na jicho, inabaki namna ya kumpata ndege, na hapa ndipo Waingereza wanaposhikana mashati. Robert Churchill, mfanyabiashara wa bunduki wa London aliyefariki mwaka 1958, alikuwa mfupi na mnene, na bunduki yake ilimfuata: mitutu ya inchi 25, sawa na sentimita 63.5, wakati desturi ilikuwa inchi 28 au 30. Wenzake walimcheka, kisha wakainunua. Juu ya mitutu hiyo aliweka mgongo mwembamba uliochongoka, unaomdanganya mtazamaji kwamba bunduki ni ndefu. (Churchill huyuhuyu ndiye aliyekuwa akiitwa mahakamani kueleza risasi imetoka kwenye silaha ipi, ikiwamo kesi ya konstebo Gutteridge, aliyeuawa mwaka 1927.) Fundisho lake lilikuwa kwamba usipime hata kidogo umtangulie ndege kiasi gani. Mtazame, geuza mwili wote pamoja naye, uzito uhamie mguu wa upande anaokwenda, na bunduki ikigusa bega fyatua. Mwendo wa mitutu yenyewe utazaa ile nafasi ya mbele bila wewe kuihesabu.

Percy Stanbury, mwalimu mkuu wa West London kwa miaka mingi, alishikilia mengine: uzito ubaki mguu wa mbele daima, awe ndege anakwenda kulia au kushoto, na mitutu ianze nyuma ya ndege, impite, ndipo kidole kifanye kazi huku mkono haujasimama. Mimi naona Stanbury anafundishika kwa urahisi zaidi, na Churchill anafaa kwa ndege wa karibu anayechomoka ghafla. Mzee wangu wa Morogoro hakuwa amesikia jina la yeyote kati yao. Alisema: "Mfute." Yaani mitutu ipite juu ya ndege kama kifutio kinavyopita juu ya ubao, kutoka mkiani hadi mdomoni, na ukiacha kumwona, fyatua, na usisimame.

Usisimame. Hapo ndipo wengi tunapofia. Mtu anamfuata ndege vizuri, anampita vizuri, kisha katika nukta ya kufyatua moyo unataka kuhakikisha, jicho linarudi kwenye punje ya shaba, na jicho likirudi mkono unasimama. Marisau yanapita nyuma. Kosa la pili ni kuinua kichwa ili kuona kama amepata, kabla hajapata. Shavu likiacha mti, ile shabaha ya nyuma imehama.

Bunduki ya mitutu miwili ubavu kwa ubavu husamehe makosa haya kidogo kuliko nyingine kwa sababu ni nyepesi. Kilo tatu hupanda begani upesi, na husimama upesi vilevile. Mkono wa mbele ndio unaoiendesha, na kwa sababu kipande cha mti kilicho chini ya mitutu ni chembamba kama ulimi, mkono huo husogea mbele na kuishika mitutu yenyewe, kidole cha shahada kikiwa kimenyooshwa chini yake. Wanaofyatua sana huvaa ala ya ngozi pale, maana mitutu huwaka moto. Mfalme George wa Tano wa Uingereza alijulikana kwa kuunyoosha mkono wa kushoto hadi mwisho, kana kwamba anamshika ndege shingo.

Na vifyatulio ni viwili. Cha mbele hufyatua mtutu wa kulia, cha nyuma wa kushoto, na mitutu hiyo hailingani. Mdomo wa kushoto kwa kawaida umebanwa zaidi, mbano ambao wataalamu huuita choki, ili wingu lisitawanyike mapema. Kipimo chake ni duara la sentimita 76 kwa yadi 40: mtutu usiobanwa huweka humo kama asilimia 40 ya punje zake, uliobanwa nusu asilimia 60, uliobanwa kabisa 70. Kwale anayekimbia mbele yako huanza na kifyatulio cha mbele, kwa kuwa yuko karibu, halafu cha nyuma akiwa ameshakwenda. Ndege anayekuja kichwani kwako huanza na cha nyuma akiwa mbali. Uamuzi huo ni wa kuteleza kwa kidole tu. Bunduki zenye kifyatulio kimoja hudai usogeze kitufe kwanza, na ndege hangoji.

Ustadi huu ulifika kileleni katika kazi ambayo mimi siwezi kuisifu. Tarehe 30 Agosti 1888 Lord Walsingham, akiwa peke yake kwenye nyika ya Blubberhouses huko Yorkshire, aliangusha ndege 1,070 wa jamii ya kwale kwa siku moja. Tarehe 18 Desemba 1913, huko Hall Barn, mfalme George wa Tano na wenzake walimaliza fezanti zaidi ya 3,900 kati ya asubuhi na jioni, na inasimuliwa kwamba hata mfalme mwenyewe aliona wamevuka mpaka. Fezanti wale walifugwa, wakafukuzwa na vijiji vizima vya watu wenye fimbo, wakaletwa juu ya vichwa vya mabwana. Bwana nyama wangu, aliyezoea kibali kinachotaja idadi ya kanga, angeiita kazi ya buchani.

Hata hivyo mtu akitaka kujua mkono wa binadamu unaweza kufika wapi, hana budi kumtazama Lord Ripon. Alitumia bunduki tatu za Purdey zenye nyundo za nje, na wapakiaji wawili nyuma yake. Aliwafanyisha mazoezi ya kubadilishana bunduki usiku, nyumbani. Asubuhi ya tarehe 22 Septemba 1923, akiwa na miaka sabini na moja, aliangusha ndege 52 kwenye nyika ya Dallowgill, akaanguka naye papo hapo, amekufa.

Ni yale mazoezi ya usiku yaliyonigusa. Siku hizi kwenye mashindano ya sahani za udongo mitutu iliyopandana imetawala, kwa sababu humpa mtu mstari mmoja mwembamba wa kutazamia na uzito wa kutosha kutuliza mkono. Mitutu ya ubavu kwa ubavu imebaki kwa wanaoipenda, na mafundi wa Eibar huko Hispania wanaendelea kuwatengenezea. Lakini zoezi la nyumbani ni lilelile kwa wote, na waalimu hulitoa kama dawa: bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili, tochi ndogo mdomoni mwa mtutu, na mwanga wake ufuate ule mstari ambapo ukuta unakutana na dari, kutoka pembe hadi pembe, taratibu, bunduki ikipanda shavuni kwanza na begani baadaye. Mwanga ukitetemeka au ukiacha mstari, mkono wa nyuma unaingilia kazi ya mkono wa mbele.

Mimi sina bunduki, wala sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 haigawi vibali kama peremende. Nilifunga tochi kwenye mpini wa ufagio. Kwa wiki mbili, kila baada ya chakula cha usiku, nimekuwa nikifuata dari ya sebule, na kila nikifika kwenye pembe ya dirisha nagundua kwamba jicho la kushoto limejifumba lenyewe. Koplo yule bado yupo nyuma ya visigino. Juzi mke wangu alisimama mlangoni akanitazama kwa muda, kisha akauliza kama natafuta utando wa buibui.

Nikamwambia ndiyo. Akasema nisisahau na ule wa juu ya kabati.